Parker River mwezi wa saba: nyota tano, pange wakiwepo

Nyota tano. Nasema mapema kabisa kwa sababu najua ukiwauliza watu wa Massachusetts kuhusu Parker River mwezi wa saba utaambiwa usithubutu, subiri Septemba, pange watakumaliza. Mi nimeenda Jumamosi ya katikati ya Julai na mpwa wangu wa miaka tisa, tumeingia saa mbili asubuhi tumetoka saa kumi jioni, tumeumwa kweli kweli, na bado nasema nyota tano na ningeongeza ya sita ingekuwepo.

Kwa asiyeijua, hii ni hifadhi ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani, iko kaskazini ya Boston upande wa Newburyport, imechukua sehemu kubwa ya kisiwa kinachoitwa Plum Island pamoja na kinamasi cha maji chumvi nyuma yake, zaidi ya ekari 4,600. Ilianzishwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ndege wanaohama. Kutoka mji wa Lowell ni chini ya saa moja ukishika barabara kuu ya 495. Mlangoni nililipa dola 5 kwa gari zima, sio kwa kichwa, na mbwa haruhusiwi hata akiwa ndani ya gari. Siku za joto wahini, pakingi zikijaa geti linafungwa mpaka watu watoke.

Kitu kingine cha kujua kabla hujapanga taulo: ufukwe wenyewe unafungwa kuanzia tarehe 1 Aprili kwa ajili ya plova, ndege mdogo wa rangi ya mchanga anayetaga pale pale mchangani. Yuko kwenye orodha ya ndege wanaolindwa tangu 1986, na hifadhi inafungua ufukwe kidogo kidogo kadiri vifaranga wanavyokua. Kwahiyo ukienda Julai kwa ajili ya kuogelea utarudi umenuna. Sisi hatukwenda kuogelea, na ndege wenyewe hatukuwafuata sana. Tulienda kuangalia majani na wadudu. Kijana kapewa lenzi ndogo ya kukuzia na mama yake, dada yangu, tangu hapo nyumbani hakuna sisimizi anayepita bila kukaguliwa, nikasema ngoja nimpeleke mahali atakaposhiba.

Na amini, kushiba alishiba kabla hata hatujafika getini. Barabara ya kuelekea kisiwani inapita katikati ya kinamasi, na kwenye majani unaona masanduku meusi yamesimama kwa miguu minne kama meza. Mara ya kwanza nlidhani ni mizinga ya nyuki. Kumbe ni mitego ya pange. Huyu pange wa hapa wenyeji wanamwita grinihedi kwa sababu ya macho yake, na mtego wake hauna sumu wala chambo cha ajabu, ni akili tupu: pange jike anatafuta mnyama kwa macho, akiona kitu kikubwa cheusi kinaning'inia juu ya majani anajua ni tumbo la ng'ombe au paa, anaingia chini yake kutafuta pa kuuma, hapati kitu, alafu kwa tabia yake anaruka kwenda juu kwenye mwanga, na juu kuna wavu. Basi. Hatoki tena. Sanduku moja linanasa mamia kwa mamia kwa siku.

Sasa kwa nini wasimalize wote? Hapa ndipo nlipompenda huyu mdudu, sitaki kuficha. Pange huyu anataga mara ya kwanza bila kunywa damu ya mtu yeyote! Mayai ya kwanza anayatengeneza kwa akiba aliyokula akiwa funza, huko chini kwenye tope la kinamasi, ambako funza wake anawinda wadudu wengine na kukaa karibu mwaka au zaidi. Damu anaitafuta kwa ajili ya mayai ya pili. Kwahiyo yule anayekuuma wewe pakingi ameshaacha watoto tayari, umechelewa. Dume hata haumi, anakunywa maji ya maua tu.

Tulivyofungua mlango wa gari pakingi ya kwanza wakaja. Hawaji kimya kama mbu, wanagonga, unasikia kabisa kitu kimekupiga mgongoni. Na hauchomwi sindano, unakatwa, ana vitu kama mkasi mdomoni, anapasua ngozi alafu analamba. Dawa ya kupulizia niliyonunua kwenye duka moja njiani, ambayo muuzaji aliniapia inafukuza kila kitu chenye mabawa, imefukuza mbu tu. Pange anaongozwa na macho zaidi kuliko pua, mpulizie unavyotaka. Kilichosaidia ni nguo: mikono mirefu, suruali ndefu, rangi nyeupe au ya mchanga. Mi nlikuwa na fulana nyeusi masaa mawili ya kwanza na hayo ndo masaa nliyoumwa zaidi, nlivyobadilisha nikavaa shati jeupe la kazini lililokuwa kwenye buti ya gari hali ikawa afadhali sana. Pia upepo ni rafiki yako. Ukikaa upande wa bahari ambako upepo unapuliza hawakuwezi, ukiwa nyuma ya vichaka penye joto lililotulia wanakula sahani yao.

Pange mmoja alitua kwenye kofia ya kijana, naye kijana akaivua pole pole akaileta mbele ya uso. "Mjomba, njoo uone, usimguse, macho yake yanawaka." Nikachukua lenzi. Jamani. Macho yamechukua kichwa chote, kijani ya kung'aa kama kipande cha chupa kilichooshwa kikawekwa juani, na ukigeuza kofia kidogo rangi inateleza. Nimeishi Massachusetts miaka kumi na kitu nikiwapiga makofi, sijawahi kumtazama hata mmoja.

Hapo pakingi ya kwanza kuna vinyumba vyeupe kwenye milingoti, vimewekewa ndege wa jamii ya mbayuwayu, weusi wa kumeremeta, na ukisimama dakika tano utawaona wanaleta kereng'ende wazima mdomoni, mabawa yanachungulia pembeni, wanawasukumia watoto. Tukaendelea.

Sehemu ya kinamasi ndio iliyonikalia rohoni zaidi. Aliyekulia karibu na mikoko ataelewa upesi, kazi ni ile ile, maji yanajaa yanakupwa mara mbili kwa siku na kila mmea unachagua umbali wake na chumvi, isipokuwa hapa baridi imezuia miti, kazi yote imeachiwa nyasi. Pembeni ya mikondo kuna nyasi inayoitwa spatina, ndefu, nene, inayofunikwa na maji kila siku. Ukipanda kidogo tu, sentimita chache za kimo, unakuta spatina nyingine fupi laini inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake, na hii haisimami, inalala kwa mizunguko kama kichwa cha mtoto aliyeamka sasa hivi, kinamasi kizima kimejaa mapindo hayo, ukipanda kwenye mnara wa kuangalilia unaona upepo unayapitia. Wakulima wa hapa wameikata hii ya pili kuwa majani ya mifugo tangu karne ya 17, bila kulima wala kupanda, bahari yenyewe ndiyo inaitunza. Utaona pia mifereji iliyonyooka kama imechorwa na rula, hiyo ni kazi ya watu, mingi ilichimbwa miaka ya 1930 kukausha madimbwi ya mbu, na kwa kufanya hivyo kinamasi kikaumia badala ya mbu.

Sasa mwambie mtoto ainame. Jani la ile spatina ndefu ukilitazama kwa lenzi kuna chembe nyeupe zimejipanga juu yake, ncha zake kali, zinametameta. Ni chumvi. Mmea unanyonya maji ya bahari na kuisukuma chumvi nje kupitia tezi ndogo ndogo za kwenye jani. Hatukukata kitu, hairuhusiwi na haina haja, jani liliinamia njia ya mbao lenyewe, nikapitisha kidole nikalamba, mpwa wangu akapitisha chake akalamba, tukatazamana. Chumvi kabisa, ya kutia kwenye mboga.

Kwenye maeneo hayo hayo tulimwona kereng'ende mdogo, dume lake karibu jeusi lote, anatua kwenye ncha ya jani anaondoka anarudi pale pale. Nlimtambua kwa picha nliyokuwa nayo. Ukimwona usimpite, kereng'ende wote mnaowajua watoto wao wanakulia maji baridi, mabwawa, mito, madimbwi, huyu peke yake Amerika ya Kaskazini ndiye mtoto wake anaishi kwenye maji yenye chumvi kama ya bahari. Mwili wenyewe haufiki urefu wa kidole cha mwisho cha mtoto.

Mchana tukaingia njia ya Hellcat, iko katikati ya kisiwa, pakingi namba 4. Yote ni ya mbao, imejengwa upya miaka ya karibuni, kiti cha magurudumu kinapita bila shida na mwenye mtoto wa kusukuma hana kisingizio. Upande mmoja unakupeleka kwenye matete na maji, upande mwingine unapanda matuta ya mchanga. Kivuli kizuri, mbu wa kutosha.

Lakini hapa naomba mnisikilize, hasa mliokuja nchi hii karibuni. Pande zote za hiyo njia, inatambaa chini, inapanda miti, inajifanya kichaka, kuna poizoni aivi. Majani matatu matatu, la katikati lina kikonyo kirefu kuliko ya pembeni, mengine yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Usiguse. Sio kama upupu ambao unajua hapo hapo, hii unagusa leo unacheka, keshokutwa mkono umevimba malengelenge na unajikuna wiki mbili. Na hili ndilo lililonishangaza: ni jamaa ya mwembe na mkorosho. Ukoo mmoja kabisa. Ule utomvu wa embe unaowababua watu midomo, yale mafuta ya ganda la korosho yanayounguza vidole vya wabanguaji, ni kemikali za ndugu mmoja. Wapo watu ambao wakishapata shida na huu mmea hata ganda la embe linawasumbua. Kwa ndege lakini ni chakula, wanakula matunda yake meupe majira ya baridi wakiwa hawana kingine, ndio maana hifadhi haiung'oi ovyo na ndio maana wamekuwekea mbao chini ya miguu. Kaa kwenye mbao.

Kwenye mabwawa utaona maua marefu ya zambarau yamesimama kama mishumaa, mazuri sana kwenye picha. Ni mgeni kutoka Ulaya, akiingia mahali pa maji baridi anafukuza matete na kila kitu. Tangu 1992 Marekani imeruhusu mbawakavu wadogo wa kahawia, nao wa Ulaya, waletwe wamle. Tulikuta majani kadhaa yametobolewa matundu matundu kama yamechomwachomwa na sindano, mpwa wangu akayahesabu mpaka akachoka. Sijui kwa nini tundu kwenye jani lilitufurahisha kiasi kile, tulikaa hapo nusu saa.

Tulivyofika kwenye matuta jua lilikuwa limepanda na mchanga umewaka. Nyasi za hapa ndizo zimeshika kisiwa chote, mizizi yake inakwenda chini ya mchanga inachomoza mbele inachomoza tena, na kadiri upepo unavyoifukia ndivyo inavyoota kwa nguvu, lakini unyayo wa mtu haiuwezi, kuikanyaga mara chache tu inakufa na tuta linaanza kuhama. Kwahiyo mkiona kamba, kamba ni kamba. Nyuma ya nyasi kuna vichaka vya plamu za pwani, hizo ndo zimekipa kisiwa jina, Julai ni vitufe vya kijani vigumu kama shanga. Kuna kichaka kingine cha beberi ambacho ukipita ukakipapasa jani linatoa harufu nzuri ya ubani ubani hivi, vitunda vyake vina nta, zamani walivichemsha wakapata mishumaa.

Na waridi! Waridi za pinki kila mahali kwenye mchanga, utadhani ndo kwao. Zimetoka Asia ya mashariki, zilipandwa Marekani zikatoroka bustanini. Ndani ya kila ua, na simaanishi moja moja, nane, kumi, wamerundikana mbawakavu wa kijani na mabawa ya shaba, wanang'aa kama vifungo vya sare, wanakula petali huku wamepandana. Nao wametoka Japani, mara ya kwanza walionekana New Jersey mwaka 1916. Ua la Asia na mdudu wa Asia, wamekutana tena kwenye mchanga wa Massachusetts. Nlipomweleza kijana akauliza, "Sasa Mjomba, nani kamfuata mwenzake?" Nikamwambia walisafiri kila mtu kivyake. Hakuridhika.

Kitu cha mwisho tulikiona karibu na gari kabisa, tumeshachoka, maji yamebaki chupa moja (bebeni maji mengi, na chakula, ndani hakuna kibanda cha kuuza kitu na ndivyo inavyotakiwa). Pembeni ya pakingi kulikuwa na ule mmea wa utomvu mweupe, majani mapana, na chini ya jani moja kiwavi wa mistari: mweusi, njano, nyeupe, mweusi, njano, nyeupe, kama ameshonewa. Ni mtoto wa kipepeo monaki. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi ambaye wengi mmemwona Afrika Mashariki akizunguka mashamba ni ndugu yake wa karibu, na wote watoto wao wanakula mimea ya utomvu wenye sumu, sumu haiwadhuru, inakaa mwilini, ndege akionja mmoja harudii.

Tulilala kifudifudi kwenye changarawe. Alikuwa anakula kwa kufuata ukingo wa jani, kichwa kinashuka kutoka juu kwenda chini kama mtu anayesoma mistari, akifika chini anapanda anaanza tena, na ukinyamaza kabisa unaweza kusikia. Pange wawili walikuwa shingoni kwangu wakati huo, nliwaacha kidogo nisimtikise.

"Mjomba, huyu ndo ataenda Meksiko?"

Hapana, nikamwambia. Hawa wa Julai wanaishi wiki chache tu, watataga hapa hapa watakufa. Mtoto wake, atakayetoka mwisho wa kiangazi, huyo ndiye atakayeruka mpaka milima ya Meksiko, mahali ambapo hajawahi kufika wala mzazi wake hajawahi.

Akafikiri. "Basi tuje tumwone mtoto wake."

Tukifika nyumbani tulivua nguo zote mlangoni tukakaguana kupe, na nyie fanyeni hivyo hivyo, hasa nyuma ya magoti, kwapani, na kwenye nywele za watoto, kupe mtoto wa Julai ni mdogo kuliko ufuta na ndiye anayeeneza ugonjwa wa Lyme, ule uliopewa jina la mji wa Connecticut miaka ya 1970. Tulimkuta mmoja kwenye soksi, hajauma. Soksi juu ya suruali, msione aibu.

Tunarudi Jumamosi ya pili ya Septemba. Pange watakuwa wamekwisha, plamu zimeiva, na ile goldenrodi ya kwenye matuta ambayo Julai bado ilikuwa majani matupu itakuwa imefunguka njano yote, monaki wanajaza tumbo hapo kabla ya safari. Kijana ameweka lenzi kwenye mfuko wa mbele wa begi la shule na hataki itolewe.